Bastola iliyopita kipimo kisha ikakataliwa: kisa cha Hi-Capa ya mpwa wangu

Jumamosi moja ya Julai mpwa wangu alisimama mbele ya meza ya kupimia bunduki za easofti, zile za kuigiza zinazorusha gololi za plastiki, kwenye msitu mmoja nje kidogo ya Coventry, mkononi ana bastola aliyoisubiri wiki tatu. Ni Tokyo Marui Hi-Capa 5.1, bastola ya gesi, na ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwa fundi mmoja wa dukani aliyeifungia vifaa vya kuongeza nguvu, vyote kwa mkupuo. Msimamizi akapakia gololi za gramu 0.20 na kupiga tano kupitia kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya gololi. Wastani ukatoka mita 105 kwa sekunde. Kikomo cha nguvu ya gololi kwenye uwanja ule ni jouli 1.14, na gololi ya gramu 0.20 ikienda mita 105 kwa sekunde inabeba jouli 1.10. Amepita.

Kijana alikuwa ameshageuka kuondoka msimamizi alipomwuliza leo anachezea gololi za uzito gani. Akajibu za gramu 0.30. Akaambiwa azipakie hizo. Zikatoka kwa mita 91 kwa sekunde. Kwa kutazama haraka, 91 ni ndogo kuliko 105, na mpwa wangu alidhani mambo yamezidi kuwa salama. Msimamizi akapiga hesabu, nusu ya tungamo mara kasi mara kasi, akapata jouli 1.24. Bastola ikarudishwa kwenye begi, na mwenyewe akacheza siku nzima kwa bunduki ya kukodi.

Hilo lilikuwa lalamiko la kwanza. La pili lilikuja Novemba, asubuhi ya nyuzi 7, kwa simu. "Shikamoo mjomba. Bastola imekufa." Nikamwuliza imekufaje. Akasema gololi nne au tano za mwanzo zinatoka vizuri, kisha slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi, inarudi nusu na kukwama, gesi inapuliza juu ya magazini, basi. Bastola ileile, gesi ileile, vifaa vilevile: Julai imekataliwa kwa nguvu kupita kiasi, Novemba haiwezi hata kujikoki yenyewe.

Nikamwambia ailete, pamoja na kila kipande cha asili alichorudishiwa dukani. Kwa bahati alivitunza kwenye mfuko wa plastiki. Bila ule mfuko kisa hiki kisingeandikika.

Ninayeandika ni fundi wa friji na viyoyozi. Nilianzia Tanga, sasa ni miaka mingi niko huku Uingereza kwa kazi hiyohiyo. Easofti niliingizwa na huyu kijana, nikaipenda. Kwa asiyeijua, ni mchezo wa timu kuviziana, kila mtu ana bunduki ya kuigiza inayorusha gololi za plastiki za milimita 6, na ukipigwa unatoka kwa uaminifu wako mwenyewe. Mizizi yake iko Japani. Lakini kilichonivuta kwenye kisa hiki ni gesi. Gesi ambayo kiwanda cha Marui kiliikusudia kwa bastola hizi ni HFC134a. Fundi friji yeyote wa Kariakoo au wa River Road anaijua kwa jina la R134a, ndiyo iliyo kwenye kiyoyozi cha magari mengi na friji nyingi za nyumbani. Nayo "gesi ya kijani" inayouzwa huku kwa wachezaji ni propeni (propane kwa Kiingereza) iliyochanganywa na oili kidogo ya silikoni; propeni hiyo sisi kazini tunaiita R290. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba bastola ina nguvu kiangazi na inakufa baridi ikiingia, mimi sikuwaza bastola. Niliwaza jedwali la presha na joto lililobandikwa kwenye boksi langu la zana.

Jedwali lenyewe, kwa ufupi. Kimiminika cha gesi kikiwa ndani ya chombo kilichofungwa, presha yake inafuata joto lake, haifuati wingi wake. Propeni kwenye nyuzi 0 ina presha ya baa 4.7 hivi, ukihesabu pamoja na ya hewa. Nyuzi 10 ni 6.4. Nyuzi 20 ni 8.4. Nyuzi 30 inakaribia 10.8. Yaani kutoka asubuhi ya barafu hadi mchana wa Julai presha inazidi mara mbili, na hujagusa skrubu hata moja. R134a iko chini zaidi: nyuzi 20 inafika baa 5.7 tu. Ndiyo maana Marui, ambao slaidi zao ni za plastiki, waliijenga bastola yao kwa ajili ya hiyo, na ndiyo maana anayetumia propeni kwenye slaidi ya plastiki ajue kwamba siku moja itapata ufa.

Jambo jingine la Japani linalofaa kujulikana hapa: tangu 2006 sheria yao inaweka mpaka wa jouli 3.5 kwa kila sentimita mraba ya eneo la gololi, na kwa gololi ya milimita 6 hiyo inakuwa jouli 0.989. Bastola imezaliwa chini ya mpaka huo. Huku Uingereza sheria iliyopitishwa 2017 imelegea zaidi, jouli 1.3 kwa bunduki zinazoweza kupiga mfululizo na 2.5 kwa zile za moja moja, lakini viwanja vinajiwekea vikomo vyao vya chini kwa sababu watu wanapigana kwa karibu. Kikomo cha uwanja ndicho kinachokurudisha nyumbani.

Kabla ya kufungua chochote

Karatasi aliyopewa dukani ilikuwa na namba moja tu ya kasi, imeandikwa kwa kalamu, bila uzito wa gololi, bila joto la siku ile, bila kusema ni risasi ya ngapi. Nilimwonyesha mpwa wangu na kumwambia hii haitusaidii chochote. Kasi ya bastola ya gesi ni jibu la maswali manne kwa pamoja: gololi gani, joto gani, gesi gani, na umepiga baada ya kupumzika kwa muda gani. Ukikosa moja kati ya hayo umebaki na tarakimu tu.

Tukapanga hivi. Gereji yangu ina hita, tukaiweka nyuzi 20 na kuacha magazini humo kwa saa mbili kabla ya kila zamu, kipimajoto kimefungwa kwa utepe kwenye chuma cha magazini chenyewe, kwa sababu joto la hewa na joto la chuma ni vitu viwili. Risasi kumi kwa kila jaribio, sekunde kumi na tano kati ya moja na nyingine. Gololi za gramu 0.20 kwanza, kisha za 0.30, kutoka pakiti moja. Hopapu, ule mpira unaoikwaruza gololi juu ili izunguke kinyumenyume na kuelea mbali, tukaiweka alama kwa rangi ya kucha na hatukuigusa tena. Nyuma ya shabaha blanketi zito limening'inizwa, na miwani ya kinga machoni muda wote, hata kwa aliyekaa kuandika.

Mambo mawili tuliyoongeza ndiyo yaliyobeba kazi yote. La kwanza ni bunduki ya rejea. Nina bunduki ya springi ya kukoki kwa mkono, haina gesi, kwa hiyo joto haliisumbui. Kila zamu ilianza kwa risasi tano za bunduki hiyo kupitia kronografu. Ikisoma mita 138, ikizidi au kupungua moja, kronografu iko sawa na tunaendelea. Siku moja ilisoma 131, tukagundua kioo cha kihisi cha mbele kina tone la oili. Kama si ile bunduki tungeyaandika makosa ya kifaa kuwa ni tabia ya bastola.

La pili ni mizani. Nina mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu kwa sehemu ya mia. Tulipima magazini kabla ya risasi kumi na baada yake, tukatoa uzito wa gololi kumi, kilichobaki ni gesi iliyotumika. Wachezaji wengi wanazungumzia kasi tu. Mimi kwangu gramu za gesi kwa kila risasi zinaniambia mengi zaidi ya kasi, na mbele utaona kwa nini.

Kurudi asili, na kovu dogo kwenye mpira

Tulifungua vifaa vyote vya dukani na kurudisha vya asili: mtutu wa ndani wa kiwandani, valvu ya kiwandani kwenye magazini, springi ya nyundo na springi ya kurudisha slaidi. Tukapima. Nilitarajia bastola tulivu. Ikanipa kasi kati ya mita 80 na 93, inapanda na kushuka bila mpango.

Mpwa wangu akasema labda ndivyo zilivyo za kiwandani. Hapana. Marui inasifiwa kwa utulivu wake kuliko kitu kingine. Tukaichukua magazini na kuitazama kwa tochi. Juu yake, pale gesi inapotokea kuingia kwenye nozeli, ule mdomo unaoipeleka gesi mtutuni, kuna gasketi ya mpira, mdomo mdogo wa mstatili. Pembeni mwa mdomo huo kulikuwa na mkato wa milimita mbili hivi, wa bisibisi, safi kabisa. Aliyefunga valvu mpya aliung'oa mpira kwa kuuchokoa. Kila risasi, sehemu ya gesi ilikuwa inatorokea ubavuni badala ya kwenda mbele, wakati mwingine nyingi, wakati mwingine kidogo, kutegemea mpira umekaaje.

Gasketi mpya ilikuwa pauni 4. Tuliipaka oili ya silikoni, tukaisukuma kwa kidole mpaka ikakaa, hakuna chuma kilichougusa mpira. Baada ya hapo: wastani mita 91 kwa gololi ya 0.20, ya chini kabisa 89, ya juu 92. Hiyo ni jouli 0.83. Kwa gololi ya 0.30 wastani mita 76, jouli 0.87. Gesi: gramu 1.3 kwa risasi kumi.

Hapo nilisimama kidogo nikafikiri. Kijana alikuwa amelipa zaidi ya pauni 130 za vifaa na kazi, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyomharibia mpira wa pauni 4 uliokuwa unashikilia utulivu wote wa bastola.

Kipande kimoja kimoja

Mtutu mpya ulikuwa wa kipenyo cha milimita 6.03, mwembamba kidogo kuliko wa kiwandani. Gesi haipati nafasi kubwa ya kupita pembeni ya gololi. Kasi ikapanda kutoka 91 hadi 94, kwa 0.30 kutoka 76 hadi 79. Gesi ileile, gramu 1.3. Ni nyongeza ya kweli, isiyo na madhara, ndogo. Watu wanaoahidi kwamba mtutu mwembamba utakugeuzia bastola kuwa kitu kingine wanakudanganya.

Springi nzito ya nyundo haikubadilisha kasi hata kidogo, na kuna sababu nzuri. Ukivuta kifyatulio, nyundo inapiga kigonga, kigonga kinaisukuma valvu ya magazini na kuifungua. Kwenye mfumo wa Marui kigonga kile kinajifunga hapo mbele na kubaki kimeshikilia valvu wazi mpaka slaidi ikirudi nyuma ikiachie. Nyundo kazi yake ni kugonga tu, haiamui valvu ikae wazi kwa muda gani. Springi ya asili ilikuwa inafungua valvu vizuri kwenye joto zote tulizojaribu. Ile nzito ilichoongeza ni ugumu wa kifyatulio, na kwa kijana anayelenga shabaha ya kichwa cha mtu nyuma ya mti, kifyatulio kigumu ni hasara.

Tukaja kwenye valvu. Valvu ya mtiririko mkubwa ina matundu mapana zaidi ya kupitisha gesi. Nikaifunga peke yake, mtutu ukiwa wa kiwandani. Gololi ya 0.20 ikaenda mita 98. Ya 0.30 ikaenda mita 85. Kisha tukaiunganisha na mtutu wa 6.03: mita 101 na mita 88.

Sasa fuata jouli, siyo mita. Bastola ya asili: 0.83 kwa gololi nyepesi, 0.87 kwa nzito. Tofauti ni ndogo, asilimia tano hivi. Bastola yenye valvu mpya na mtutu mpya: 1.02 kwa nyepesi, 1.16 kwa nzito. Tofauti imeruka hadi karibu asilimia kumi na nne, na ile ya nzito tayari imevuka kikomo cha 1.14, tena kwenye nyuzi 20, gerejini, siyo kwenye jua la Julai.

Kwa nini gololi nzito inapata nguvu zaidi? Mtutu wa bastola hii ni milimita 112.5 tu. Gololi nyepesi inaupita kwa takriban milisekunde mbili na nusu, inatoka wakati gesi bado inamiminika kutoka magazini, na gesi iliyobaki haina tena cha kusukuma. Gololi nzito ni mvivu, inakaa ndani muda mrefu kidogo, na muda wote huo gesi inaendelea kuisukuma. Bunduki ya springi haina tabia hiyo, kwa sababu kila pampu ina hewa yake ya kiasi kilekile, imekwisha imekwisha. Bastola ya gesi ina akiba mgongoni. Ukipanua mlango wa akiba, anayefaidi ni yule anayechelewa kutoka. Ndicho msimamizi alichokijua pale mezani, na ndiyo maana aliuliza swali lake. Kumpima mchezaji kwa gololi ya 0.20 kisha kumwachia acheze na ya 0.30 ni kumpima mtu mwingine.

Na mizani? Gramu 1.9 kwa risasi kumi. Kutoka 1.3. Tumelipa karibu nusu ya gesi zaidi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo haikwenda kwenye gololi.

Imekwenda wapi? Ndani ya nozeli kuna kivalvu kidogo cha kuelea. Gololi ikiwa bado mtutuni, gesi inapita mbele yake. Gololi ikishatoka, presha ya mbele inaanguka, mkondo wa gesi unakivuta kivalvu mbele kinaziba njia, na gesi yote inageuzwa kwenda nyuma kuisukuma slaidi. Ndiyo ile teke unayoisikia mkononi. Gesi ya ziada ya valvu mpya iliishia huko, kuitupa slaidi nyuma kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mwenye bastola alifurahia teke. Slaidi ya plastiki haikufurahia: tulipoitazama kwa kioo cha kukuzia tuliona mstari mweupe mwembamba umeanza pembeni mwa dirisha la kutolea maganda, mahali ambapo plastiki huchoka kwanza.

Hesabu ya baridi

Hapa ndipo ufundi wa friji ulipoingia moja kwa moja. Kimiminika kinapogeuka mvuke kinahitaji joto, na kinalichukua pale kilipo. Friji yote imejengwa juu ya jambo hilo. Magazini ya Hi-Capa ni friji ndogo isiyojijua.

Propeni inachukua takriban jouli 350 kwa kila gramu inayogeuka mvuke kwenye joto la kawaida. Magazini yetu, ambayo ni ya aloi ya zinki, ina uzito wa gramu 300 hivi, na zinki inahitaji jouli 0.39 kupandisha gramu moja kwa nyuzi moja. Kwa hiyo kuishusha magazini nzima nyuzi moja kunahitaji kuiondolea jouli 117. Bastola ya asili, gramu 1.3 kwa risasi kumi, inaondoa jouli 455: magazini inashuka nyuzi nne, ukipiga haraka bila kuipa nafasi ya kujipasha. Bastola yenye valvu mpya, gramu 1.9, inaondoa jouli 665: nyuzi tano na nusu kwenda sita. Kimiminika chenyewe, kilicho karibu na valvu, kinapoa haraka zaidi ya chuma.

Tulihakikisha. Risasi kumi za haraka, moja kwa sekunde, kuanzia nyuzi 20. Bastola ya asili ilianza na mita 92 na kumaliza na 85. Yenye valvu ilianza na 102 na kumaliza na 88. Ya kumi ya bastola "iliyoongezwa nguvu" ilikuwa mita tatu tu juu ya ya kumi ya bastola ambayo haijaguswa. Kipimajoto kilichofungwa kwenye chuma kilishuka nyuzi tatu kwa ile ya asili na nyuzi tano kwa nyingine, chini kidogo ya hesabu, kwa sababu hewa na mkono vinarudisha joto kidogo.

Sasa peleka hesabu hiyo Novemba. Unaanza na nyuzi 7. Unapiga tano za haraka, chuma kiko kwenye nyuzi 4 hivi, kimiminika kiko chini ya hapo, presha iko karibu na baa 5 au pungufu. Na presha hiyo inatakiwa kuisukuma slaidi dhidi ya springi ya kurudisha iliyoandikwa asilimia 150, yaani nusu ngumu zaidi ya asili. Haiwezi. Slaidi inaenda nusu njia, haifiki mahali pa kuokota gololi nyingine wala pa kukiachia kigonga. Kigonga kikiwa bado kimefungwa mbele, valvu inabaki wazi, gesi inapuliza juu ya magazini mpaka inakwisha. Hiyo ndiyo "imekufa" ya mpwa wangu, sauti na yote.

Springi ngumu ilikuwa na maana yake pale dukani. Imewekwa ili kumudu teke kubwa lililoletwa na valvu. Valvu ikalazimisha springi, springi ikalazimisha presha ya juu, presha ya juu inapatikana kiangazi tu. Kila kifaa kilinunuliwa kurekebisha tatizo la kifaa kilichotangulia.

Jaribio la baridi tulilifanya asubuhi ya Desemba, milango ya gereji wazi, hita imezimwa, chuma kinasoma nyuzi 6. Mpwa wangu alitaka tutumie friji ya zamani iliyoko pembeni, magazini ikae humo saa moja. Nilimkataza na nitaliandika hapa ili mtu mwingine asijaribu: propeni inawaka, magazini zinavuja, na friji ya zamani ina themostati inayotoa cheche ndani. Kazini nimeona mlango wa friji uliorushwa upande wa pili wa jiko. Hivyo hivyo kupasha magazini: usiiweke juu ya hita, usiichovye kwenye maji ya moto. Mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, unatosha.

Kwenye nyuzi 6, springi ya asili, valvu ya asili: magazini nzima ya gololi 31 ilikwisha bila kukwama tulipopiga moja kila sekunde tatu. Springi ya 150 na valvu mpya: ilikwama kwenye ya sita. Springi ya 150 na valvu ya asili: kwenye ya pili. Hii ya mwisho tuliirudia mara tatu kwa sababu kijana hakuamini.

Shabaha

Baada ya wiki zote hizo za kasi na gramu, swali la mchezaji lilikuwa bado halijajibiwa: inapiga pale unapolenga? Mwenye uwanja alituruhusu kutumia njia yake ya majaribio siku isiyo na mchezo. Mita 20, bastola imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, gololi za 0.30, kumi kwa karatasi.

Ya asili, baada ya gasketi mpya: gololi kumi zilikaa ndani ya duara la sentimita 24. Mtutu wa 6.03, hakuna tofauti ya kusema: 23. Valvu mpya: 27, na karibu yote yametawanyika juu na chini, jambo linaloeleweka ukikumbuka kasi ilivyokuwa inaporomoka. Kisha tukabadilisha mpira wa hopapu, kitu cha bei ya sahani mbili za chipsi, na kabla ya kuufunga tukasafisha mtutu kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilitoka cheusi. Oili ya silikoni iliyo ndani ya gesi ilikuwa imejenga utando mtutuni na juu ya mpira, na mpira wenye oili haukwaruzi gololi vilevile kila mara. Mtutu safi na mpira mpya: sentimita 14.

Kati ya vipimo vyote tulivyochukua, huo ndio uliomfanya mpwa wangu akae kimya. Alikuwa ametafuta nguvu muda wote huo, na alichokuwa anakikosa uwanjani ni gololi ya pili kwenda ilipokwenda ya kwanza.

Ilivyofungwa mwishoni

Mtutu wa 6.03 tumeuacha, umeshalipiwa na hauna ubaya. Mpira mpya wa hopapu, gasketi mpya, mtutu unasafishwa kila baada ya siku ya mchezo. Valvu ya asili, springi zote mbili za asili. Kiangazi atajaza R152a au gesi nyingine ya presha ya chini kwa ajili ya ile slaidi yenye mstari, baridi atajaza gesi ya kijani. Bastola inasafiri ndani ya begi lililofungwa, kutoka mlangoni hadi uwanjani, kwa sababu kubeba bastola ya bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa huku. Na kama una mpango wa kwenda nayo nyumbani Afrika Mashariki kumwonyesha mtu, usiiweke kwenye sanduku. Afisa wa uwanja wa ndege anaona bastola, na hana wajibu wa kujua kwamba inarusha plastiki.

Januari alirudi kwenye meza ileile. Nyuzi 8 nje, magazini imetoka mfukoni mwa koti. Gololi za 0.30 zilisoma wastani wa mita 77, jouli 0.89. Alicheza mpaka saa tisa alasiri bila slaidi kukwama.

Magazini yake ya pili bado inatusumbua. Tuliijaza Jumapili usiku, tukaipima, tukaiacha juu ya benchi. Asubuhi ilikuwa imepungua gramu 0.4 bila kupigwa hata risasi moja. Tumeipaka maji ya sabuni, mapovu yanatokea chini, kwenye valvu ya kujazia. Oringi yake, pete ndogo ya mpira ya kuzuia uvujaji, nimeiagiza.